Sura ya 7: Mgeni Mwenye Sura ya Mwenyeji

Kila anayejulikana mtaani kwamba "anajua kompyuta" ameshakutana na swali hili, na mara nyingi anayeuliza ni mwenye duka. Ana programu ya mahesabu aliyoandikiwa miaka ya tisini: skrini ya buluu, herufi nyeupe, hakuna cha kipanya. Imemtunzia mauzo, stoo na madeni ya wateja kwa miaka zaidi ya ishirini. Kompyuta iliyokuwa nayo imekufa. Amenunua mpya, kainakili programu kutoka kwenye flashi, kaibofya, na Windows imemjibu kwamba hapa haiendeki.

"Fundi," anasema, "ile ya zamani ilikuwa Intel. Na hii nayo, si imeandikwa Intel hapa? Sasa imeshindwa nini?"

Swali hilo ni zito kuliko anavyodhani. Prosesa, yaani kile kipande kinachotekeleza amri za programu, bado inazijua karibu amri zote za programu yake, na inazitekeleza kwa kasi ambayo ile ya zamani haikuiota. Kilichoondolewa ni chumba ambamo programu za aina hiyo zilikuwa zikilazwa. Ili kukirudisha tunahitaji emuleta: programu inayojifanya mashine, ili programu nyingine iishi ndani yake ikiamini iko kwenye mashine halisi. Ile inayoishi ndani tutaiita mgeni. Kompyuta inayoibeba ni mwenyeji.

Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kumwiga asiyefanana nawe, kwa mfano kuendesha programu ya simu kwenye kompyuta ya mezani, na kwamba kumwiga wa ukoo wako ni mteremko. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipojaribu. Asiyefanana nawe anakuchelewesha, lakini kila kitu chake unakiona kwa sababu kila kitu unamfanyia wewe. Wa ukoo wako anakwenda kasi, ila kuna mambo atayafanya nyuma ya mgongo wako.

Baiti tano

Tuanze na programu nzima, ndogo kadiri inavyowezekana. Ina baiti tano, na baiti ni namba ndogo tu ya kati ya 0 na 255. Mafundi huziandika hivi:

B0 4A E6 10 F4

Prosesa ya ukoo wa Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, inazisoma kama amri tatu. B0 4A: weka namba 74 kwenye AL. AL ni rejista, kijisanduku kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. E6 10: chukua kilichomo AL ukitoe kwenye mlango namba 16. Mlango ni njia ya prosesa kuzungumza na vifaa vya nje kama kibodi au printa. F4: simama, usubiri. Namba 74 kwenye jedwali la herufi za kompyuta ni J kubwa, kwa hiyo programu yetu inatamka "J" mlangoni halafu inalala.

Emuleta ya kawaida inaziendesha kwa kuzisoma. Inachukua B0, inatafuta kwenye jedwali lake, inakuta maana yake "weka namba inayofuata kwenye AL", inachukua 4A, inaiandika kwenye AL ya bandia iliyoko kwenye kumbukumbu, inasogeza alama ya ilipofika, inarudi kuchukua baiti nyingine. Amri moja ya mgeni imemgharimu mwenyeji amri kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Usalama wake ni kwamba baiti za mgeni kwa mwenyeji ni maandishi ya kusoma, si amri za kutii. Mgeni hawezi kuharibu chochote, kwa sababu hajawahi kugusa chochote.

Sasa ona kichekesho. Prosesa ya mwenyeji, ikiwa ni ya ukoo uleule, inaijua B0 4A kwa moyo. Kuitafsiri amri hiyo ni sawa na kumlipa mkalimani akae kati ya watu wawili wanaosema Kiswahili.

Lakini kabla hatujamfukuza mkalimani, tupige hesabu. Prosesa ya Intel 386 ilitoka mwaka 1985, na kasi yake ya awali ilifika mapigo milioni 16 kwa sekunde. Ya leo ya kawaida inapiga bilioni 3, karibu mara 190. Hata mkalimani akila sehemu kubwa ya kasi hiyo, programu ya duka haitagundua. DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, ni emuleta maarufu ya programu za DOS, yaani mfumo wa zamani ambao programu ya duka iliandikiwa; inaweza kufanya kazi hivyohivyo, na kwa hesabu za duka inatosha. Wanaohitaji zaidi ni wale wanaotaka kuweka Windows nzima ndani ya Linux, au seva kumi ndani ya moja. Hapo mkalimani hafai.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe

Wahenga walishalimaliza hili. Mgeni mwenye mikono yake, kwa nini umlimie? Baiti zake ziachwe ziende moja kwa moja kwenye prosesa halisi.

Tujaribu na baiti zetu tano. B0 4A haina neno, namba imeingia kwenye rejista, basi. E6 10 inaanza kutisha: mlango namba 16 wa mashine halisi unaweza kuwa na kifaa halisi, na mgeni hana haki ya kukiamrisha. F4 ndiyo balaa. Mgeni akisema "simama", prosesa nzima ya mwenyeji inasimama, pamoja na kila kitu kilichokuwa kikiendelea humo.

Umepata kuona gari la kujifunzia udereva lenye pedali mbili za breki? Mwanafunzi anaendesha kweli, usukani ni wake, barabara ni ya kweli. Mwalimu pembeni hafanyi chochote mpaka jambo la hatari litokee, ndipo mguu wake unashuka. Prosesa za ukoo huu zina pedali ya namna hiyo. Zina ngazi nne za mamlaka, 0 hadi 3. Ngazi 0 ni ya mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, na hapo kila amri inaruhusiwa. Ngazi 3 ni ya programu za kawaida. Programu ya ngazi 3 ikithubutu kusema F4, prosesa haitii. Inaikatisha palepale na kumwita mwenye ngazi 0 aje aone. Kunaswa huko mafundi wanakuita mtego.

Basi ujenzi wote ni huu: mweke mgeni kwenye ngazi ya chini, mwache alime, na kila anaponaswa njoo uigize alichotaka. Alitaka kusimama? Andika pembeni kwamba "mgeni amesimama", uwape wengine zamu. Alitaka kutoa J kwenye mlango 16? Ichukue, uiandike kwenye dirisha lake, umrudishe kazini. Hajui kwamba ulipita.

Intel waliiweka njia hii ndani ya 386 yenyewe kwa ajili ya programu za zamani, wakaiita hali ya 8086 pepe. Ndicho kile chumba nilichokitaja. Windows/386 ya mwaka 1987 ilikitumia kuendesha programu kadhaa za DOS kwa pamoja, kila moja ikidhani iko peke yake duniani, na Windows NT ikakirithi. Windows NT ilipotolewa pia kwa kompyuta zenye prosesa za Alpha na MIPS, ambazo si ukoo huu, programu zilezile za DOS zilibidi ziendeshwe kwa mkalimani.

Kisha AMD, washindani wa Intel, wakabuni hali ya biti 64, na prosesa zake zikaingia sokoni mwaka 2003. Prosesa ikiwa katika hali hiyo, chumba cha 8086 pepe hakifunguki. Windows ya biti 64 ikaachana na programu hizo. Mwenye duka wetu hana kosa, na prosesa yake haijasahau lugha. Amefika kwa mwenyeji aliyevunja chumba cha wageni.

Kwa kifupi, mpaka hapa:
- Kumsomea mgeni amri zake ni salama lakini polepole.
- Kumwacha atekeleze mwenyewe ni haraka, ila lazima kila amri ya hatari imnase.

Neno la kushika hapo ni "kila".

Amri inayonyamaza

Emuleta yangu ya kwanza ya aina hii, ya kujifunzia tu, iliganda. Mfumo mdogo niliouweka ndani ulianza vizuri, ukaandika mistari miwili, kisha kimya. Nikibonyeza kibodi, hakuna kitu. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Usiku wa kwanza nilishuku waya wa kibodi, jambo ambalo leo linanichekesha. Usiku wa pili nikamkamata mchawi, na jina lake ni POPF.

Ili kumwelewa, fahamu kwanza kikatizo. Ukibonyeza kitufe, au saa ya ndani ikipiga, kifaa kinaigonga prosesa begani: acha kidogo, nisikilize. Kugongwa huko ndiko kikatizo. Mfumo endeshi una nyakati ambazo hautaki kugongwa, mfano ukiwa katikati ya kupanga orodha muhimu. Hapo hufanya hivi:

PUSHF: hifadhi hali ya sasa ya rejista ya bendera.
CLI: ziba masikio.
(fanya kazi nyeti)
POPF: rudisha bendera kama zilivyokuwa.

Bendera ni biti, yaani vinafasi vya 0 au 1, zinazoonyesha hali ya prosesa. Biti namba 9 ndiyo ya masikio: 1 ni wazi, 0 ni yamezibwa.

Mweke sasa mfumo huo kwenye ngazi 3. CLI inamnasa, mtego unafanya kazi, emuleta inaandika daftarini: "mgeni ameziba masikio." Kazi nyeti inaisha. Inakuja POPF yenye nia ya kuyafungua. Na prosesa inafanya nini? Hainasi. Hailalamiki. Inarudisha bendera nyingine zote, inaiacha biti namba 9 kama ilivyo, na kuendelea na amri inayofuata kana kwamba hakuna lililotokea.

Mgeni anaamini masikio yake yako wazi. Daftari la emuleta bado linasema yamezibwa, kwa hiyo haimpelekei kikatizo chochote. Vitufe vinarundikana mlangoni, saa haipigi, mgeni anasubiri kugongwa na mwenyeji anasubiri kuruhusiwa kugonga. Wote wawili wana adabu, na wote wawili wamekwama.

Waliounda prosesa hawakuwa wajinga. Programu ya kawaida ya ngazi 3 hutumia POPF kwa shughuli zake ndogo, na kuinyima biti moja kimyakimya kulionekana upole kuliko kuikatisha. Shida ni kwamba upole huo unamficha mgeni machoni pa mwenyeji.

Jambo hili lilishaandikiwa kanuni. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza mashine ya namna gani inaweza kubeba mgeni wa ukoo wake bila hila: kila amri inayogusa au kufichua hali ya mashine lazima inase ikitamkwa na asiye na mamlaka. IBM walikuwa wameshaonja faida ya mpango huo. CP-67 yao, na baadaye VM/370 iliyotangazwa mwaka 1972, ziliigawa mashine moja kubwa hata kila mtumiaji akaona ana kompyuta yake. Prosesa za Intel hazikufuata kanuni hiyo. Uchambuzi wa Pentium uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 zinazoivunja. POPF ni moja. Nyingine zinamruhusu mgeni kusoma siri za mashine, na miongoni mwa anayoweza kuyasoma ni kwamba yuko ngazi 3 wakati anajijua ni mfalme.

Kushona upya kabla ya kuvaa

Hapo ndipo wengi walipokunja mikono. Waliokataa walikuwa Mendel Rosenblum na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Edouard Bugnion na Scott Devine, ambao mwaka 1997 walichapisha kazi yao juu ya Disco, mfumo wa kubeba wageni. Mwaka uliofuata, pamoja na Diane Greene na Ellen Wang, wakaanzisha VMware, na mwaka 1999 wakauza programu iliyobeba Windows au Linux nzima ndani ya kompyuta ya kawaida ya Intel.

Hila yao naiona nzuri mpaka leo. Programu za kawaida za mgeni, zile ambazo hata kwenye mashine halisi zingekaa ngazi 3, ziliachwa zilime zenyewe. Kilichoshughulikiwa ni kiini cha mfumo wake, sehemu inayojiona ngazi 0. Kabla kipande cha kiini hakijatekelezwa, emuleta inakipitia kama fundi cherehani anayekagua nguo. Amri isiyo na madhara inanakiliwa kama ilivyo. Ikikutana na POPF, inaifumua na kushona badala yake amri chache zinazoandika kwenye daftari la emuleta: "mgeni amefungua masikio." Kipande kilichoshonwa kinahifadhiwa, kikiitwa tena kinavaliwa bila kushonwa upya. Ni ukalimani, ndiyo, lakini kutoka lugha moja kwenda lugha ileile, na mara moja tu.

Intel na AMD nao wakaamka. Intel walitoa prosesa zenye msaada maalumu mwishoni mwa 2005, AMD mwaka 2006. Badala ya kumshusha mgeni ngazi, prosesa sasa ina dunia mbili, na kila moja ina ngazi zake nne. Mgeni anakaa ngazi 0 ya dunia yake. POPF yake inafungua masikio yake mwenyewe, si ya mwenyeji, na mwenyeji anachagua mambo yapi yamtoe nje.

Ungetegemea wale mafundi cherehani wafunge duka siku hiyohiyo. Wapi! Mwaka 2006 Keith Adams na Ole Agesen wa VMware walipima njia zote mbili, wakakuta msaada mpya wa prosesa mara nyingi haukuipita programu yao. Kutoka dunia moja kwenda nyingine na kurudi kulikula mapigo elfu kadhaa, wakati amri zilizoshonwa zilimaliza kazi papo hapo bila kutoka. Prosesa zilizofuata ndizo zilizopunguza gharama hiyo, zikaongeza na njia ya kumpa mgeni ramani yake ya kumbukumbu, kazi iliyokuwa ikizila sana emuleta.

Vijana wanaotengeneza programu za simu wanalijua hili kwa maumivu, hata kama hawajui jina lake. Emuleta ya Android ikiwa nzito kama jiwe kwenye kompyuta ya Intel, jambo la kwanza ni kuangalia kama msaada huo umewashwa kwenye mipangilio ya BIOS. La pili ni kuangalia umepakua Android ipi. Simu nyingi zina prosesa za ukoo wa ARM, lakini Google wanatoa pia Android iliyoandaliwa kwa ukoo wa Intel, kusudi mgeni afike akiwa anaijua lugha ya nyumbani.

Jenga yako

Kwenye Linux msaada huo unapatikana kupitia KVM, iliyoingizwa rasmi kwenye Linux mwaka 2007. Anayejua lugha ya C anaweza kujenga emuleta ya baiti zetu tano kwa jioni moja:

1. Fungua faili linaloitwa /dev/kvm, uombe mashine mpya tupu.
2. Tenga baiti 4,096 za kumbukumbu, ziweke baiti tano mwanzoni, uikabidhi mashine.
3. Omba prosesa moja ya mgeni, uielekeze ianzie kwenye baiti ya kwanza. Kwenye rejista ya bendera weka 2, si 0. Biti namba 1 ya rejista hiyo lazima iwe imewashwa daima, na ukisahau, mgeni haingii kabisa.
4. Mwachie akimbie, na kila anaporudi uliza sababu.

Anarudi mara mbili tu. Mara ya kwanza sababu ni mlango: namba 16, thamani 74. Unaandika J kwenye skrini, unamwachia tena. Mara ya pili sababu ni F4, amesimama. B0 4A hukuiona ikipita. Prosesa halisi ndiyo iliyoitekeleza.

Ukitazama programu uliyoiandika utakuta prosesa haimo. Umeandika kumbukumbu, mlango na daftari. Ndiyo maana ukoo mmoja wa prosesa haumalizi safari. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa na prosesa ya Intel ya mapigo milioni 733, binamu wa Pentium III, na watu wakasema kuiiga kwenye kompyuta ya kawaida ni suala la wiki chache. Imechukua miaka mingi. Prosesa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kipande cha picha cha NVIDIA kilichotengenezwa kwa ajili yake, na vifaa vingine kukizunguka, ambavyo havikuwa na kitabu cha maelezo mkononi mwa umma.

Mwenye duka nilimwekea DOSBox. Skrini ya buluu ikatokea, akayatafuta madeni ya mwaka jana, akayakuta yote, akacheka kwa sauti. Kisha akabonyeza kitufe cha kuchapa risiti, akaigeukia printa yake ya utepe na kusubiri. Programu ilikuwa imefanya ilichofanya siku zote: imezitoa baiti za risiti, moja baada ya nyingine, kwenye mlango namba 888, ambako zamani palikuwa na tundu la printa. DOSBox ya kawaida iliandikwa kwa ajili ya magemu. Kwenye mlango ule hakuna mtu.